Mstari wa 1.5

Teletaipu ya Model 33, taminali inayochapa kwenye karatasi badala ya skrini, hupiga herufi 10 kwa sekunde. Chukua programu ya mistari 200, kila mstari herufi 40: kuitoa yote kwenye karatasi ni dakika 13 na ushee, mashine inagonga muda wote huo na wewe umekaa unaisubiri. Ndiyo maana mtu aliyeketi mbele ya taminali pale Ann Arbor, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuanza kazi kwa kuitazama programu yake. Alianza kwa kuikumbuka. Alijua ameacha wapi, alijua kosa liko karibu na mstari gani, akaagiza aletewe huo tu, au huo na majirani zake wawili.

Ustadi huo wa kurekebisha maandishi usiyoyaona ninauheshimu sana, na nadhani ni rahisi kuudharau ukiwa umezoea skrini.

Mfumo endeshi alioutumia mtu huyo uliitwa Michigan Terminal System, kwa kifupi MTS. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kimeagiza kutoka IBM kompyuta ya System/360 Model 67, iliyobuniwa ili watu wengi waitumie kwa wakati mmoja, kila mtu na taminali yake. Mfumo endeshi ambao IBM iliuahidi, TSS/360, ukachelewa. Watu wa kituo cha kompyuta cha chuo wakakaa wakaandika wao. MTS ilianza kutumika mwaka 1967, na baadaye ikatumiwa na kundi la vyuo vinane, vikiwemo British Columbia na Alberta kule Kanada, na Newcastle na Durham kule Uingereza. Michigan walikaa nayo hadi 1996, na chuo cha Rensselaer, jimbo la New York, hadi 1999. Kitu kilichoandikwa ili kuziba pengo kilidumu zaidi ya miaka 30, na ukikijua kwa ndani hushangai.

Uzuri wake uko kwenye faili. Kwenye kompyuta za leo faili la maandishi ni herufi zinazofuatana tu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mstari wa 14 ni wa 14 kwa sababu juu yake kuna 13. Ukifuta mmoja huko juu, yote iliyo chini inabadilika namba. Kwenye MTS namba ilikuwa mali ya mstari, ikihifadhiwa pamoja nao. Ukifuta wa 9, wa 14 unabaki wa 14, na kati ya 8 na 10 panabaki wazi. Namba iliweza kuwa na desimali tatu, kwa hiyo kati ya mstari wa 1 na wa 2 palikuwa na nafasi ya mistari mingine 999. Fundi cherehani anayejua kazi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili nguo ije ipanuliwe bila kukatwa upya. Zile desimali zilikuwa akiba ya namna hiyo, na ilikuwa ndani ya kila faili bila mtu kuiomba.

Tuone kazi yenyewe. Tuseme mtu ameandika programu ya kujumlisha bei kwa lugha ya Fortran, akaiweka kwenye faili aliloliita HESABU. Mstari wa 1 unatenga nafasi: DIMENSION BEI(100). Huko chini, mstari wa 6, kuna JUMLA = JUMLA + BEI(I). Programu inakwenda vizuri, inatoa jibu, na jibu ni pungufu. Sababu ni kanuni ya zamani ya Fortran: jina linaloanza na herufi yoyote kati ya I na N huchukuliwa kuwa la namba nzima, isipokuwa umetamka vinginevyo. JUMLA inaanza na J. Kila bei inapoongezwa, senti zinakatwa kimyakimya, na mashine haioni kosa lolote la kukuonya.

Hapa ndipo unapomjua fundi. Angeweza kutumia amri ya ALTER, ambayo hupewa maneno ya zamani na maneno mapya na kuyabadilisha, akalipa jina hilo herufi nyingine ya mwanzo kila mahali lilipo. Angegusa mistari mingi, na kila mstari ulioguswa ni mstari wa kukaguliwa tena, kwa herufi 10 kwa sekunde. Anachofanya ni kuandika $EDIT HESABU. Alama ya # iliyokuwa mwanzoni mwa mstari, ishara kwamba mfumo unasubiri amri, inageuka kuwa nukta mbili, ishara kwamba sasa anazungumza na kihariri, programu ya kurekebisha maandishi. Anaingiza mstari mmoja baada ya wa 1: REAL JUMLA. Tuseme namba yake ni 1.5. Anaomba aonyeshwe wa 1 hadi wa 2, anaona mitatu imekaa sawa, anaandika STOP. Hakuna kingine kilichosogea. Wa 6 bado ni wa 6, kichwani mwake na kwenye diski.

Na kwa nini 1.5, si 0.5, ilhali tamko lingeweza pia kutangulia? Kwa sababu MTS, ukilitaja faili bila kusema lianzie wapi, huanzia mstari wa 1. Mstari wa 0.5 ungekuwepo kwenye faili, mzima, na mkusanyaji wa Fortran, yaani programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine, asingeusoma kamwe. Namba ziliweza hata kuwa hasi, kwa hiyo mtu angeweza kuweka maelezo yake kwenye mstari wa -3 na programu ikapita bila kuyagusa. Jambo hilohilo ni mtego kwa mgeni na sehemu nzuri ya kuhifadhia kwa mwenyeji. Napenda sana zana za namna hiyo, zinazomlipa mtu aliyesoma kitabu chake hadi mwisho.

Baada ya kurekebisha, inakuja amri ya kukusanya: $RUN *FORTG SCARDS=HESABU SPUNCH=-OBJ. Ni mstari mmoja mfupi wenye mengi ndani yake. Nyota mbele ya FORTG, jina la mkusanyaji huyo, inasema hili ni faili la umma, la kila mtu. Kistari mbele ya OBJ kinasema hili ni faili la muda: litaishi hadi utakapoaga mashine, kisha litafutwa lenyewe. SCARDS na SPUNCH ni majina yaliyobaki kutoka enzi za kadi zilizotobolewa, moja mahali pa kusomea, jingine mahali pa kutolea. Mtumiaji mzoefu aliweka kwenye kistari kila kitu kinachoweza kutengenezwa upya, na kwenye majina ya kawaida aliacha tu alichoandika kwa mkono wake. Akifungua orodha ya mafaili yake, haoni takataka. Ninafikiri huu ndio usafi wa kweli wa kazi: kuamua tangu mwanzo kipi ni cha kuhifadhi na kipi ni cha kupita.

Kisha jaribio: $RUN -OBJ 5=BEI(1,3). Programu inasoma kutoka njia namba 5, haijui huko kuna nini. Leo anaipa mistari mitatu tu ya faili la bei, ambalo nalo linaitwa BEI, kwa sababu bei tatu anaweza kuzijumlisha mwenyewe kwa penseli na kulinganisha. Hesabu hizo mbili zikikubaliana anaipa faili zima. Akiwa na mafaili mawili anayaunganisha kwa alama ya kujumlisha, BEI+BEI2, na programu inayaona kama kitu kimoja. Hata ndani ya faili lenyewe angeweza kuandika mstari wa $CONTINUE WITH na jina la faili lingine, na usomaji ukahamia huko. Na kama matokeo hayatakiwi kabisa, yanapelekwa *DUMMY*, mahali palipomeza kila kitu. Yote haya bila kugusa herufi moja ya programu. Vipande vilikuwa vichache, lakini vilishikana.

Kuhusu kufuta, mfumo ulikuwa na adabu. Ukiandika $DESTROY na jina la faili kwenye taminali, ulikutajia jina hilo na kusubiri uthibitishe. Kuhusu kushirikiana, ulikuwa mbele ya mifumo mingi ya wakati wake: kwa amri ya $PERMIT uliweza kumruhusu mtu mwingine kulisoma faili lako, lakini pia uliweza kuiruhusu programu fulani kulisoma bila kumruhusu mtu anayeiendesha. Mwenzako akapata jibu asizione takwimu zenyewe.

Tangu 2011 MTS imewekwa wazi kwa umma, na laptopu ya kawaida inaweza kuiendesha ndani ya Hercules, programu inayoiga kompyuta za IBM za ukoo ule. Hapo mistari 200 inamwagika kwa kupepesa jicho. Hata hivyo kihariri bado kinampendelea anayejua anachotafuta kuliko anayepekua.

Enzi zile za teletaipu, karatasi ilikuwa na nafasi yake katika haya yote. Programu ikishakua, mtu aliagiza $LIST HESABU *PRINT*, nakala nzima ikachapwa na printa kubwa ya kituo, kila mstari na namba yake pembeni, akaenda kuichukua. Kazi ngumu ilifanyika juu ya nakala hiyo, kwa penseli, mezani, mbali na taminali ambayo kila saa yake ilikuwa na bei. Akirudi kwenye mashine alikuwa na orodha tayari: 23 ibadilishwe, 41 ifutwe, baada ya 57 iongezwe mistari miwili. Kwa kuwa namba hazikusogea, karatasi iliendelea kuwa kweli hata baada ya marekebisho mengi. Desimali zilipozidi, 57.1, 57.15, 57.152, ilikuwepo amri ya RENUMBER ya kuzipanga upya kuanzia moja. Iliwashawishi wengi kwa unadhifu wake. Lakini ukishaitoa, kila alama ya penseli kwenye nakala ya zamani inaelekeza pasipo. Mtu makini alivumilia zile desimali, akamaliza kwanza marekebisho yote yaliyokuwa kwenye karatasi, ndipo akapanga namba upya na kuagiza nakala mpya kwa mpigo mmoja.