Namba ya Baruti na Asili Yake

Kigobe ndiko linakokaa Bunge la Burundi, na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo. Huku kwetu, basi, hakuna wa kujaza baruti kwenye maganda ya risasi sebuleni, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini tunao jamaa Marekani na Ufaransa wanaoifanya kazi hiyo kihalali, kwa ajili ya shabaha na uwindaji. Siku hizi wengi wanajiuliza wafanye utafiti wao wa kiasi cha baruti kwa akili mnemba au kwa programu ya balistiki.

Mimi chombo nakipima kwa maswali kinayouliza kabla ya kujibu. Programu kama QuickLOAD ya Ujerumani, au GRT, haikupi kitu mpaka uieleze urefu wa mtutu, uzito wa kichwa cha risasi, kimezama ndani ya ganda kiasi gani, na ganda lenyewe linachukua maji kiasi gani. Hilo la maji wengi hulipuuza, na ndipo fundi anapojitenga na mbabaishaji. Ganda lililokwisha kufyatuliwa hupimwa uzito likiwa tupu, fataki yake iliyoungua ikiwa bado imeziba tundu, kisha hujazwa maji mpaka mdomoni, bila kiputo, likapimwa tena. Maganda ya jina moja kutoka viwanda viwili hayachukui maji sawa, kwa sababu kuta za moja ni nene zaidi. Nafasi ikipungua, baruti ileile huleta shinikizo kubwa zaidi.

Akili mnemba ikikubali kutaja kiasi cha baruti, yaweza kukutajia bila kuuliza habari ya ganda, tena kwa lugha nyoofu isiyo na wasiwasi. Uliza tena kwa maneno mengine, au kwa lugha nyingine. Namba ikibadilika, itupe. Angalia pia kama imechanganya greni na gramu: gramu moja ni greni 15.4, na kosa la aina hiyo laweza kupasua bunduki usoni mwa mtu.

Swali la pili ni joto, na hapa Afrika Mashariki ina historia ndefu. Bunduki za Waingereza za mwanzo wa karne ya 20 zilitumia kodaiti, baruti ambayo shinikizo lake hupanda kadiri joto linavyopanda. Risasi iliyokuwa salama katika baridi ya Uingereza, ikishinda juani huku kwetu, ganda lake liliweza kunasa ndani ya chemba, nyati akiwa hatua chache mbele. Watengenezaji bunduki Rigby wa London walipotoa risasi yao ya .416 mwaka 1911, waliipa ganda kubwa ili shinikizo liwe la chini. Hadi leo CIP, tume ya kimataifa ya kupima bunduki yenye makao Brussels, imeiwekea kikomo cha baa 3,250, wakati .458 Winchester Magnum ya 1956 imeruhusiwa 4,300. Hiyo .458 nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Ganda lake ni fupi, baruti ikalazimika kushindiliwa, na katika risasi zilizokaa muda mrefu baruti iliganda vipande, nyingine zikatoka bila nguvu. Mwaka 1971 Jack Lott alitumia ganda refu zaidi, ikapatikana .458 Lott. Chombo kisichouliza risasi itatunzwa wapi na kupigwa katika joto gani kimeacha nje jambo linaloweza kumgharimu mtu uhai.

Hewa nayo ina hesabu yake. Kigobe, mita kama 800 juu ya bahari, katika nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.06. Kipimo rasmi cha usawa wa bahari, nyuzi 15, ni 1.225. Hewa nyepesi hivyo huizuia risasi kidogo zaidi, kwa hiyo jedwali la mwendo wa risasi lisilotaja mwinuko wala joto halifai masafa marefu.

Programu nayo isiabudiwe. Ni kielelezo tu, na kielelezo hukosea. Kasi iliyokadiriwa ikipishana na ile ya kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, amini kronografu, urekebishe takwimu ulizoingiza. Kuongeza baruti ili kasi ifike pale programu ilipotabiri ni hatari kubwa, na nasikitika kila nikisikia mtu anaisifu kama ujanja.

Akili mnemba naipa kazi nyingine, na huifanya vizuri: kufafanua tofauti ya G1 na G7, vielelezo vya jinsi hewa inavyoizuia risasi, kutafsiri maelezo ya Kijerumani, kukuonyesha ulichosahau kupima. Kiasi cha baruti kitoke kwenye kitabu cha kiwanda kilichoitengeneza, toleo la karibuni, ukianzia kiwango chake cha chini hata kama programu inasema panda.