Kikokotoo kilichonipa asilimia 52

Ukitaja neno kikokotoo Tanzania, watu wanawaza mafao ya wastaafu. Leo nataka tuchambue kikokotoo kingine kabisa, ambacho nilikifungua saa nane usiku nikiwa na mimba ya miezi saba.

Kipo mtandaoni, bure. Kilitengenezwa Marekani na timu iliyoongozwa na William Grobman, kikachapishwa 2007, kwa taarifa za wanawake zaidi ya 7,000 waliojifungua kwa upasuaji kisha wakajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Unajaza umri, uzito, urefu, historia yako ya uzazi na sababu ya upasuaji wa kwanza. Kinakupa uwezekano wa kuzaa kawaida safari hii. Mimi kilinipa asilimia 52.

Tukianza na sifa, kinastahili. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York alionya kwamba upasuaji mmoja huleta mwingine. Enzi zake mfuko wa uzazi ulichanwa wima, kwenye misuli minene inayosukuma mtoto, na kovu lile lilikuwa hatari wakati wa uchungu. Siku hizi mkato wa kawaida ni wa mlalo, chini, na kovu lake huachia kwa wanawake kama 5 hadi 9 kati ya kila 1,000 wanaojaribu. Kwa hiyo chombo kinachosema "hebu tupime kwanza" ni hatua kubwa.

Ila kilianza na kasoro. Toleo la kwanza liliuliza kama wewe ni Mmarekani mweusi au mwenye asili ya Kihispania. Ukijibu ndiyo, asilimia inashuka, hata kama kila kitu kingine kiko vilevile. Mwaka 2019 Darshali Vyas na wenzake walilihoji jambo hilo, na toleo la 2021 likaliondoa swali. Somo kwetu sisi wa takwimu: modeli inaweza kubashiri kilichokuwa kikitokea hospitalini bila kujua kwa nini kilitokea. Ukiichukulia kama maumbile, unaurudia ubaguzi kwa namba.

Kasoro ya pili ni neno "mafanikio". Kwenye fani hii, kuzaa kawaida ndiyo kufanikiwa. Sasa ile asilimia 48 iliyobaki ni nini, kufeli? Mama mkwe wangu hajawahi kuona kikokotoo hicho, lakini aliniambia vilevile: "Mwanangu, safari hii jikaze." Kana kwamba mara ya kwanza sikujikaza.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa. Hesabu ile inawahusu waliochanwa kwa mlalo tu, na mimi nilijiweka humo kwa kuangalia kovu la tumboni. Kumbe kovu la ngozi halikwambii lolote kuhusu kovu la ndani. Daktari alipotafuta taarifa ya upasuaji wangu, tukakuta mkato uliongezwa kwenda juu, kama herufi T iliyogeuzwa, kwa sababu mtoto alikuwa amekwama. Kwa kovu la namna hiyo ushauri ni upasuaji wa kupangwa, kabla uchungu haujaanza. Asilimia 52 yangu haikuwa na maana tangu mwanzo.

Nililia. Upasuaji wa pili nao si wa bure, maana kila kovu linaongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye mimba zijazo. Lakini sikulilia hilo. Nilikumbuka usiku ule wa kwanza: taa kali, watu wanakimbia, hakuna anayeniambia kinachoendelea. Ndipo nikaelewa kwamba nilichokuwa nakitafuta saa nane usiku hakikuwa kuzaa kawaida. Nilikuwa natafuta uhakika kwamba usiku ule haurudi. Kikokotoo hakina sehemu ya kujaza hilo.

Nikamwambia daktari. Akaandika kwenye faili: mama aelezwe kila hatua, mtoto awekwe kifuani mapema ikiwezekana.

Tarehe yangu ni Jumanne ijayo. Bado naogopa, ila siogopi kama zamani. Na wewe dada uliyewahi kupasuliwa, kabla hujafungua kikokotoo chochote, omba taarifa ya upasuaji wako uulize ulichanwaje ndani. Ni haki yako kujua.