Lugha ya Wenyeji katika Tamthilia ya Indonesia: Safari ya Si Doel

Historia ya sinema ya Indonesia huanzishwa aghalabu na Loetoeng Kasaroeng, filamu isiyo na sauti iliyotengenezwa Bandung mwaka 1926 chini ya Waholanzi, na utaifa wake huhesabiwa tangu mwaka 1950, Usmar Ismail alipoongoza Darah dan Doa. Mpangilio huo ni sahihi kwa tarehe, lakini haugusi suala la lugha: wananchi husikika wakisema kwa ulimi gani?

Safari ya Si Doel yatoa jibu. Mwaka 1932 Aman Datuk Madjoindo, Mminangkabau wa Sumatra, alitoa hadithi ya mtoto wa Wabetawi, wenyeji wa Jakarta, akiyachota mazungumzo katika lahaja yao. Mwaka 1973 Sjumandjaja aliigeuza kuwa filamu, na Rano Karno, angali mtoto, akamwigiza Doel. Mwaka 1994 Rano Karno yuyo huyo alimrejesha Doel, sasa kijana msomi, katika tamthilia ya mfululizo ya RCTI. Kituo hicho cha kibiashara kilikuwa kimevunja mwaka 1989 ukiritimba wa TVRI, televisheni ya serikali iliyoanza mwaka 1962.

Ubora wa tamthilia hiyo umo katika kazi iliyopewa lahaja. Katika lenong, mchezo wa jadi wa Wabetawi, Kibetawi kilizoeleka kama lugha ya kuchekesha. Hapa baba, aliyeigizwa na Benyamin Sueb, auza ardhi ili mwanawe asome. Naye mwana, baada ya kuhitimu uhandisi, ahangaika kutafuta kazi. Kicheko kingalipo, ila sasa lahaja yabeba pia hasara ya watu waliobadilisha ardhi kwa cheti.

Hata hivyo, kadiri mfululizo ulivyorefushwa, mgogoro wa ardhi na elimu ulifunikwa na mvutano wa mapenzi baina ya Doel, Sarah na Zaenab. Dosari hiyo ilikuja kukua katika tamthilia nyingi za televisheni zilizofuata, hasa zile za kila siku, ambazo hurekodiwa mbiombio kuwahi saa ya kuonyeshwa. Humo lugha ya mtaani hubaki pambo tu. Kuingiza lahaja katika sanaa hakutoshi. Sharti ipewe jambo zito la kusema.