Kushiriki na Kushirikishwa

Yapo maneno ambayo hutumika mno hata watu wakasahau kuyauliza maana yake. Moja ya maneno hayo ni "ushirikishwaji". Ni nadra siku hizi kupata mradi wa maendeleo unaogharimiwa na nchi za nje ambao haukulitia neno hilo katika maandishi yake. Limekuwa kama chumvi, hutiwa katika kila chungu. Kwa kuwa kazi ya mhakiki ni kupima maneno, yafaa na hili tulipime.

Tuanze na sarufi. Shina la neno hili ni "shiriki", kitendo ambacho mtu hukifanya mwenyewe: hushiriki ngoma, hushiriki mazishi, hushiriki kazi ya kijiji. Tukitia kiambishi cha kusababisha tunapata "shirikisha". Sasa yupo mwingine anayemfanya mtu huyo ashiriki. Tukiongeza cha kutendwa tunapata "shirikishwa", na hapo mwananchi amekwisha kuwa mtendwa. Sisemi neno hili lifutwe katika kamusi. Nasema tulisome kwa makini kama tusomavyo shairi, na katika kila mradi tuulize ni nani mtenda na ni nani mtendwa.

Historia ya nchi yetu inao mifano. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache ukitafuta ardhi ya kulima karanga, maana Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka uliofuata kazi ilianza Kongwa, katika Ugogo, kisha ikafika Urambo na Nachingwea. Shabaha ilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Mibuyu iliyashinda matrekta, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua zikakosekana. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, ikiwa imekwisha kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Mgogo aliyeishi na ukame tangu enzi za mababu aliijua tabia ya mvua za kwao, lakini nafasi aliyowekewa katika mpango ule ilikuwa ya kibarua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ni rahisi kuulaumu ukoloni kisha tukafunga kitabu. Lakini hata baada ya kujitawala somo hili halikutuingia upesi. Mwaka 1968, katika maandishi yake yaitwayo Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine; hujiendeleza wenyewe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Uswidi. Huko Kondoa makorongo yalikuwa yameila ardhi vibaya, na haja ya kuiokoa ilikuwa ya kweli. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Nyasi zilirudi na miti ikachipua, hilo tusilikane. Lakini kwa mfugaji ng'ombe ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni akiba ya siku ya njaa, na jambo kubwa namna hiyo lilimfikia kama amri. Wako waliohama na mifugo yao, na mzigo wa malisho ukahamia kwingine.

Tulinganishe na Shinyanga. Huko nako, mwaka 1986, ulianza mradi wenye jina la mtindo ule ule, Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliopata msaada wa Norwei. Miti ya nchi ile ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, kwanza ili kuwafukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba na kuni. Mwanzoni mkazo uliwekwa katika vitalu vya miche. Baadaye watumishi wa mradi walikigeukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu zamani, nacho ni ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi na miti ipate kukua, ikafunguliwa wakati wa kiangazi malisho mengine yanapokwisha. Nyingi zilikuwa zimeachwa watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Sasa sheria zake zilijadiliwa katika dagashida, baraza la kimila, na sungusungu wakazilinda. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimeenea katika hekta zaidi ya 300,000.

Tuitazame lugha iliyotumika hapo. Mtaalamu aliyetoka ng'ambo alilazimika kujifunza neno la Kisukuma, na mkulima ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shinyanga mgeni alipewa jembe la mwenyeji.

Hata hivyo mhakiki asigeuke kuwa msifu. Dagashida kwa desturi ni baraza la wanaume, ilhali anayetafuta kuni na maji ni mwanamke. Tena, mwenye ardhi kubwa ndiye aliyeweza kufunga ngitili kubwa. Basi hata neno "wananchi" laweza kuwa pazia; nyuma yake wamo waliosema na wamo walionyamaza.

Napendekeza kwa walimu zoezi moja. Karibu na shule nyingi pana kisima, zahanati au darasa lililojengwa kwa msaada wa nje. Wanafunzi waende wakawaulize wazee, akina mama na vijana wenzao maswali matatu: Ni nani aliyelitaja tatizo hili kwanza? Je, kijiji kingeweza kuukataa mradi huu, au kuubadili? Na wafadhili walipoondoka, ufunguo ulibaki kwa nani? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili sanifu na yajadiliwe darasani. Swali la pili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito, hata kama sahihi yake imo katika orodha ya waliohudhuria mkutano.