Hofu Kwanza, Amri Baadaye: Namna Mbwa wa Virginia Walivyozoeshwa Maisha ya Nyumbani

Tarehe 25 Aprili 2007 polisi walipekua nyumba moja katika barabara ya Moonlight, wilaya ya Surry, jimbo la Virginia nchini Marekani. Nyumba ilikuwa mali ya Michael Vick, nyota wa timu ya Atlanta Falcons katika mpira wa miguu wa Kimarekani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mabanda yaliyopakwa rangi nyeusi, na mbwa waliofungwa kwa minyororo mizito iliyoshikizwa kwenye ekseli za magari zilizofukiwa ardhini. Walichukuliwa mbwa 66, na 51 kati yao walikuwa pit bull waliofugwa kwa ajili ya kupiganishwa kwa kamari. Waliokataa kupigana, au waliopigana vibaya, walikuwa wakiuawa. Wengine walinyongwa, wengine walizamishwa majini.

Kesi yenyewe imeshaandikwa sana. Mimi nataka tuichambue kazi iliyofuata, ile ya kuwafanya wanyama hao waweze kulala sebuleni kwa watu. Haikuandikwa sana kama kesi, ilhali ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayetaka kumchukua mbwa aliyeokolewa na kuishi naye.

Wakati ule, mbwa waliokamatwa kwenye mapigano walihesabiwa kuwa vielelezo vya mahakama, na kesi ikiisha walidungwa sindano ya kifo. Hata vyama vikubwa vya kutetea wanyama, Humane Society na PETA, vilishauri hivyo hivyo kuhusu mbwa wa Vick. Safari hii serikali ilikubali kwanza wapimwe. Mwezi Septemba 2007 timu ya wataalamu wa tabia za wanyama, ikiongozwa na Stephen Zawistowski wa shirika la kutetea wanyama la ASPCA, ilizunguka vituo walikohifadhiwa mbwa 49 kati ya wale 51 na kumpima mmoja mmoja. Mgeni anamkaribia mbwa, anamgusa, anamshikashika. Analetewa bakuli la chakula, kisha mkono wa bandia unaingizwa bakulini wakati anakula. Anaonyeshwa mwanasesere mwenye kimo cha mtoto mdogo. Mwisho anakutanishwa na mbwa mwenzake.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Wapiganaji sugu walikuwa wachache. Mmoja aliuawa kwa sababu ya ukali wake, mwingine kwa ugonjwa, na 47 wakabaki hai. Tatizo kubwa kwa sehemu kubwa ya waliobaki lilikuwa woga. Kulikuwa na mbwa waliofyata mkia na kujibana kwenye kona ya banda. Wengine walilala kifudifudi, wamejibandika sakafuni wasiweze kunyanyuka hata walipoitwa kwa upole.

Hapo ndipo kazi yote iligeuka, kwa sababu mbwa mkali na mbwa mwoga hawafundishwi kwa njia moja. Mwoga akivutwa kwa kamba au akikemewa, kila anachofanyiwa kinathibitisha kile alichokuwa akikiogopa. Wala hajifunzi. Mwili wake umeshajiandaa kukimbia au kuganda, na mdomo haupokei hata nyama. Mwaka 1997 Michael Hennessy wa Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, na wenzake walipima homoni ya kotisoli katika damu ya mbwa walioletwa kwenye kituo cha kuhifadhia wanyama. Katika siku 3 za mwanzo kiwango kilikuwa karibu mara 3 ya kile cha mbwa wanaoishi majumbani, kisha kikaanza kushuka. Wale mbwa wa Vick walikuwa wamekaa miezi kadhaa kwenye vituo vya aina hiyo, baada ya maisha ya mnyororo.

Njia iliyotumika kuwatoa kwenye hofu hiyo ina asili ya Afrika, jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, daktari Joseph Wolpe alikuwa na paka waliopigwa shoti ya umeme ndani ya kizimba hadi wakagoma kula humo hata wakiwa na njaa. (Jaribio hilo lilikuwa la kikatili, na sioni haja ya kulipamba.) Wolpe aliwalisha kwanza katika chumba kisichofanana na kile cha mateso. Walipokula bila wasiwasi aliwahamishia chumba kinachofanana nacho kidogo, kisha kingine kinachofanana zaidi, mpaka siku paka alipokula ndani ya kizimba kile kile. Mwaka 1958 aliyaandika hayo katika kitabu kilichobadilisha tiba ya hofu kwa binadamu. Wakufunzi wa mbwa nao waliichukua kanuni hiyo: mwonyeshe anachokiogopa kwa kiasi kidogo ambacho hakimshtui, umpe kitu kizuri papo hapo, na usiongeze kiasi mpaka mwili wake ulegee.

Ugumu uko kwenye kujua kiasi. Mbwa hasemi, kwa hiyo chakula chenyewe ndicho kipimo. Mhudumu anakaa sakafuni kiubavu, hamtazami mbwa machoni, anarusha kipande cha kuku. Mbwa akikiokota na kutafuna, umbali unafaa. Akikiangalia tu, akajilamba midomo, akapiga miayo wakati hana usingizi, au akakidaka haraka na kurudi konani, mhudumu yuko karibu mno na inampasa asogee nyuma. Watu wengi hapo wanakosea, wanadhani mbwa hana njaa au hapendi chakula kile, wanabadilisha nyama badala ya kubadilisha umbali. Yule anayeinama na kumpelekea kipande hadi puani anamnyima kitu muhimu kuliko nyama, yaani nafasi ya kuamua mwenyewe kusogea. Hatua moja anayoipiga mbwa kwa hiari yake ina thamani kuliko kumi anazosukumwa.

Mahakama ilimteua Rebecca Huss, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Valparaiso, awe msimamizi wa maslahi ya mbwa hao, nafasi ambayo si ya kawaida kwa wanyama. Vick aliamriwa kulipa dola 928,073 za matunzo yao. Bila fedha hizo sidhani kama kazi ingefika mbali, maana mbwa wa namna hii anakula muda wa watu kuliko anavyokula chakula. Mbwa 22, wakiwemo wale waliokuwa na matatizo makubwa zaidi, walipelekwa Januari 2008 kwenye hifadhi ya Best Friends iliyoko Kanab, Utah. Wengine waligawanywa kwa mashirika mengine, na kundi moja lilikwenda California kwa shirika la BAD RAP la Oakland.

Kule Kanab kilichonivutia zaidi ni daftari. Dakta Frank McMillan, mganga wa wanyama, alitaka hali ya moyo ya kila mbwa iandikwe kila siku kwa alama: woga, kujiamini, furaha, namna anavyowapokea watu na mbwa wenzake. Mtu anayekaa na mnyama kila siku haoni mabadiliko madogo, kama mzazi asivyoona mwanawe anavyorefuka. Alama za wiki nzima zikipangwa kwenye mstari zinaonyesha kama mbwa anapanda, anashuka au amesimama. Na kwa maoni yangu lilikuwa jambo la busara kuandika furaha kando ya woga. Mbwa aliyeacha kutetemeka huenda amekata tamaa tu. Furaha isipopanda wakati woga unashuka, kuna kitu bado hakijaponywa.

Hifadhi hiyo pia huwavika mbwa kola za rangi. Kijani maana yake mtu yeyote anaweza kumkaribia, zambarau ni kwa watu wazima, nyekundu ni kwa wahudumu peke yao. Ni mpango rahisi, na unamkinga mbwa dhidi ya wema wa wageni. Mgeni mwenye huruma, anayekimbilia kumkumbatia mbwa aliyeteswa, anaweza kubomoa kwa dakika moja kazi ya wiki mbili.

Walitumia pia mbwa kumfundisha mbwa. Cherry Garcia, mmoja wa wale 22, aliogopa kutembea kiasi cha kubebwa mikononi kutolewa nje. Mbwa wa namna hiyo akiwekwa karibu na mwenzake anayewaamini watu, humwona mwenzake anachukua nyama mkononi mwa mtu wala hadhuriki, na somo hilo humwingia upesi kuliko maneno yetu. Baadaye Cherry alipata familia Connecticut.

Oakland walichukua njia nyingine, ya kuwaweka moja kwa moja kwenye nyumba za walezi wa muda. Hapo lilijitokeza tatizo ambalo mtu aliyezoea mbwa wa nyumbani hawezi kulifikiria haraka: wanyama hawa hawakuwa wameishi ndani ya nyumba hata siku moja. Ngazi hawakujua zinapandwaje. Mlango wa kioo, sauti ya televisheni, sakafu inayoteleza, vyote vilikuwa vipya. Mmoja wao, Jonny Justice, mlezi wake aligundua kwamba kilichomtuliza ni ratiba isiyobadilika: kuamka saa ile ile, kula saa ile ile, kutembezwa kwa njia ile ile. Ukiitazama kwa jicho la ufundi, ratiba inapunguza idadi ya mambo ambayo mbwa analazimika kuyahofia kwa siku. Akishajua kwamba baada ya matembezi kuna chakula na baada ya chakula kuna kulala, tahadhari aliyokuwa akiitawanya siku nzima inapata mapumziko, na hapo ndipo kujifunza kunapopata nafasi. Jonny alifika mahali pa kukaa kimya maktabani huku watoto wakimsomea vitabu.

Kabla ya mbwa wa Kanab kukabidhiwa familia, walitakiwa wafaulu mtihani wa raia mwema wa AKC, chama cha wafugaji wa mbwa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1989. Una vipengele 10, vikiwemo kumkubali mgeni, kupita kwenye watu wengi bila kuvuta kamba, kuja akiitwa, na kubaki na mtu mwingine dakika 3 mwenyewe akiwa haonekani. Nauona mtihani huo kuwa wa manufaa kwa sababu uliwapa wahudumu shabaha, lakini unapima adabu zaidi ya utulivu wa moyo. Na kuna uamuzi mmoja wa mahakama ambao mpaka leo naona haukuwa wa haki. Lucas, aliyekuwa bingwa wa mapigano, alikuwa mpole na mchangamfu kwa watu, lakini kwa sababu ya historia yake aliamriwa asitoke hifadhini maisha yake yote, na humo ndimo alimofia mwaka 2013. Kazi nzima ilijengwa juu ya kumpima kila mbwa kwa jinsi alivyo. Kwake yeye kanuni hiyo iliachwa.

Je, kwetu? Anayechukua mbwa kwa shirika la kutetea wanyama la KSPCA pale Nairobi, au anayemwokota mtaani Dar es Salaam, kwa kawaida hapati mbwa wa mapigano. Anapata mbwa koko aliyefukuzwa kila alikopita. Kwanza apelekwe kwa daktari wa mifugo, achanjwe kichaa cha mbwa na achunguzwe kama ana maumivu, maana mbwa mwenye sikio linalouma atang'aka ukimgusa hata kama anakupenda. Wiki za mwanzo mtengee kona tulivu yenye mlango, na majirani wanaokuja kumwona wasubiri. Desturi yetu ya kumfunga mnyororo mchana kutwa na kumfungulia usiku alinde humrudisha kule kule tulikomtoa.

Kisha angalia kitu kimoja. Simama mbali naye, uiname kana kwamba unaokota kitu. Mbwa wengi wa mitaani hutimua mbio hapo hapo, hata kama mkono wako ni mtupu, kwa sababu maisha yao yote mtu aliyeinama aliinuka na jiwe. Hofu hiyo haiondoki kwa kubembelezwa. Inaondoka kwa njia ya Wolpe. Simama mbali, kunja magoti kidogo tu, kipande cha nyama kianguke mbele yake, inuka. Rudia mpaka ukikunja magoti awe anatazama chini akitafuta nyama. Ongeza kuinama, umbali ubaki ule ule. Akizoea, punguza umbali, lakini siku hiyo usiiname sana. Ukiongeza vyote viwili kwa pamoja, akishtuka hutajua kipi kilichomshtua. Rudi nyuma hatua mbili kila anapoacha kula, na usiudhike kuona Jumatano anakimbia kitu alichokizoea Jumatatu, kwa kuwa usiku wa katikati huenda kulikuwa na radi au fataki za harusi ya jirani.

Siku utakapoinama kufunga kamba za kiatu naye akaja kunusa mkono wako, anza kumfundisha kukaa, kulala chini na kuja akiitwa. Atayashika upesi, kwa sababu sasa anaweza kula mbele yako.