Nakala Kama Shahidi: Pietà ya Michelangelo na Plasta Yake

Katika uhakiki wa sanaa, nakala aghalabu hupewa hadhi ya chini. Walter Benjamin, katika insha yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1936, anashikilia kwamba kazi ya sanaa inaponakiliwa kwa mashine hupungukiwa na ile haiba itokanayo na kuwapo kwake mahali pamoja tu duniani. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshelezi inapokabiliwa na historia ya Pietà ya Michelangelo, iliyomo katika Kanisa la Mtakatifu Petro huko Vatican.

Sanamu hii ya marumaru ya Carrara ilichongwa kati ya 1498 na 1499 kwa agizo la kadinali Mfaransa, Jean de Bilhères. Bikira Maria amempakata mwanawe aliyekufa. Uso wake ni wa kijana, hauna kilio wala ukelele, na mkono wake wa kushoto umefunguka kana kwamba unamkabidhi mtazamaji msiba huo. Maudhui ya kazi nzima yanategemea utulivu wa uso na ishara ya mkono.

Ni sehemu hizo hizo zilizoshambuliwa. Tarehe 21 Mei 1972, siku ya Pentekoste, Laszlo Toth aliipiga sanamu kwa nyundo. Mkono wa kushoto ulikatika, pua ikavunjika na ukope ukamomonyoka. Wataalamu wa Vatican, chini ya uongozi wa Deoclecio Redig de Campos, walikabiliwa na swali la kihakiki kabla ya lile la kiufundi: je, jeraha liachwe lionekane kama sehemu ya historia ya sanamu, au lifichwe? Waliamua kulificha, kwa kuwa kovu katika uso ule lingebadilisha maana yake mbele ya waumini.

Uamuzi huo ulihitaji ushahidi, nao ulipatikana katika nakala ya plasta iliyotengenezwa kabla ya shambulio. Picha huonyesha umbo kutoka upande mmoja tu. Nakala ya plasta hutokana na kalibu iliyolazwa juu ya jiwe lenyewe, ikachukua kila mkunjo na kila mbonyeo. Vipande vilipokosekana, vilijazwa kwa unga wa marumaru uliochanganywa na gundi, vikifuata vipimo vya plasta.

Hata hivyo, plasta haina kila kitu. Marumaru huupokea mwanga ndani kidogo kabla ya kuurudisha, na hivyo ngozi ya Maria huonekana hai. Plasta hubaki kavu, juu juu. Shahidi huyu anajua umbo, hajui nuru. Kumtukuza kupita kiasi ni kosa sawa na kumdharau.

Suala hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Tenzi nyingi za kale za Lamu na Pate zimetufikia kupitia mikono ya wanakili, na mhariri anapokuta ubeti uliopotea katika mswada mmoja huutafuta katika mwingine. Tofauti ni kwamba mnakili huweza kusahihisha, kuongeza au kusahau, ilhali kalibu haina maoni. Kwa sababu hiyo mswada unadai uhakiki mkali zaidi kuliko plasta, japo zote mbili zinadai uhakiki.

Nakala ilizaliwa na asili, lakini tangu ukarabati ule uso wa asili unasimama kwa sehemu juu ya ushuhuda wa nakala. Muumini anayesali mbele ya kioo cha ulinzi huko Vatican anautazama uso ambao plasta ilisaidia kuurejesha. Mhakiki, basi, hana budi kuacha kuuliza tu ipi ni bora. Aulize nakala ilifanywa lini, iligusa nini, na ni kipi ilichoshindwa kukibeba.