Mbunge wa Kubisha Hodi

Wawakilishi 180 wa bunge la jimbo la Georgia, Marekani, hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Stacey Abrams alikuwa mmoja wao tangu 2007 hadi 2017.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, haikutoka ukumbini. Akiwa bado kiongozi wa wachache bungeni alianzisha New Georgia Project, asasi iliyopita nyumba kwa nyumba, fomu mkononi, ikiandikisha vijana na Wamarekani Weusi wasiokuwamo kwenye daftari la wapiga kura.

Kazi ya jua kali na soli kulika.

Mwaka 2018 aliwania ugavana, akakosa kwa kura zipatazo 55,000. Hakukunja jamvi; aliendelea kuhamasisha wapiga kura. Mwaka 2020, takriban watu milioni 5 walipiga kura ya urais Georgia. Mshindi alipita kwa tofauti ya kura 11,779 tu.